SOMO LA AFYA: Siku Thelathini Bila Pombe

Kupumzika pombe ni kuacha kunywa kwa muda uliopangwa, aghalabu mwezi mmoja, na kuangalia kilichobadilika mwilini, mfukoni na nyumbani. Si kiapo cha maisha, wala si hukumu dhidi ya mnywaji. Hata hivyo, si kila mtu anaweza kuanza peke yake nyumbani, na hilo ndilo fundisho kuu la somo hili.

Pombe mwilini

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 hubeba takribani gramu 20 za kilevi. Ini huhitaji saa mbili au zaidi kuziondoa. Kahawa, supu na maji ya baridi hayaiharakishi kazi hiyo. Kwa pombe za kienyeji kama mbege, ulanzi na komoni, nguvu yake hutofautiana, hivyo mnywaji hajui kwa hakika amekunywa kiasi gani.

Anayepumzika huweza kukosa usingizi siku za mwanzo, kisha ukatulia. Ndani ya wiki chache, shinikizo la damu lililopandishwa na pombe huweza kushuka, na mafuta yaliyojikusanya kwenye ini huanza kupungua. Aliyekuwa akitumia shilingi 4,000 kila siku atabakiwa na shilingi 120,000 mwezi ukiisha.

Nani asianze peke yake?

Jiulize: Je, huzimua asubuhi ili mikono iache kutetemeka? Je, hunywa kwa wingi kila siku? Je, uliwahi kuanguka degedege au kuona visivyokuwapo ulipokosa pombe?

Ukijibu ndiyo hata mara moja, usikatishe ghafla. Mwili uliozoea pombe ukiinyimwa huweza kutetemeka, kutokwa jasho na moyo kwenda mbio, hata kabla ya siku moja kuisha. Katika siku zinazofuata huweza kuja degedege au kuchanganyikiwa, hali zinazoweza kuua. Familia isidhani mgonjwa amerogwa. Impeleke hospitali mara moja. Kwa watu hawa, hatua ya kwanza ni kumwona mganga wa kituo cha afya, anayeweza kupanga matibabu au kutoa rufaa.

Namna ya kuanza

1. Chagua tarehe, na umjulishe mwenzi wako au rafiki mmoja.
2. Usihifadhi pombe nyumbani, na ubadili njia inayokupitisha kilabuni.
3. Harusini au msibani, shika soda au maji mapema kabla hujakaribishwa pombe.
4. Andika daftarini kila jioni: usingizi, fedha zilizobaki na saa tamaa ilipokujia.

Ukiteleza siku moja, endelea kesho yake. Ukishindwa mara kwa mara ilhali umekusudia, usione haya: hiyo ni dalili kwamba unahitaji msaada wa kitaalamu, kama anavyouhitaji mgonjwa wa kisukari.

Mwezi ukiisha, soma daftari lako pamoja na familia kabla ya kuamua hatua inayofuata. Kwa ushauri, fika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe; familia zinazohitaji msaada zaidi zimwone Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri.