FULU WALIKWENDA WAPI? SOMO KUHUSU MAANGAMIZI MAKUU YA VIUMBE

Jumamosi moja mama alinituma sokoni Kangemi kununua samaki. Meza zilijaa mbuta, omena na ngege. Niliporudi nyumbani hapa Spring Valley, nyanya, aliyekuja kututembelea kutoka Homa Bay, aliniuliza, "Na fulu je, hukuwaona?" Nikacheka, kwa maana sijawahi kumwona fulu hata siku moja. Nyanya hakucheka. Alisema, "Mjukuu wangu, sisi tulilelewa na fulu." Basi nikaanza kuwasumbua walimu na kupekua vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Maangamizi makuu ni nini?

Spishi moja moja hutoweka kila wakati. Hiyo ni kawaida ya dunia. Lakini mara chache spishi nyingi mno hutoweka kwa pamoja. Wataalamu huhesabu maangamizi makubwa matano. Yaliyokuwa makali zaidi yalitokea miaka milioni 252 iliyopita, wakati volkano za Siberia zilipotapika moto na gesi. Karibu spishi 9 katika kila 10 za baharini ziliangamia. Ya mwisho yalitokea miaka milioni 66 iliyopita, kimondo kikubwa kilipoigonga dunia huko Mexico. Dinosaria wakaisha, wakabaki jamaa zao ndege. Wanyama wanyonyeshao, ambao wengi wao walikuwa wadogo kama panya, wakapata nafasi. Vizazi vyao ndio tembo, nyangumi, nyani na hata sisi wenyewe.

Kumbe maangamizi hufunga mlango mmoja na kufungua mwingine! Lakini hebu tutazame ziwa letu kabla hatujafurahi.

2. Ziwa lililojaa fulu

Karibu miaka 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikauka. Maji yaliporudi, samaki wa jamii ya fulu waliingia, wakazaana na kugeuka hadi wakawa spishi zaidi ya 500. Kila moja ilikuwa na kazi yake. Wengine walivunja konokono kwa meno, wengine walikwangua mwani mawenguni, wengine walikula planktoni. Fulu jike hubeba mayai mdomoni, na ati kulikuwa na wengine waliopora mayai hayo humo humo kinywani! Nyanya na wenzake waliwaita wote kwa jina moja tu: fulu.

3. Mbuta anaingia

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta aliletwa ziwani ili kuwe na samaki wakubwa wa kuuza. Mbuta anaweza kufikia urefu wa mita 2. Fulu, waliokuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wote ziwani, wakawa chakula chake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki asilimia 1. Inakadiriwa kwamba spishi kama 200 zilitoweka, nyingine kabla hazijapewa jina na mtaalamu yeyote. Mbuta hakuwa peke yake: udongo na mbolea kutoka mashambani viliyachafua maji, mwani ukazidi na oksijeni ikapungua.

4. Waliobaki waligeuka

Fulu jike humtambua dume kwa rangi. Maji yakiwa na tope haoni vizuri, hivyo spishi mbili huchanganyika na kuwa moja. Huko ni kupotea bila hata kuliwa. Lakini mbuta walipovuliwa sana, baadhi ya fulu walirudi. Katika ghuba ya Mwanza, aina moja iliyokuwa ikila planktoni ilirudi ikiwa na mashavu makubwa zaidi ya kupumulia, na ikawa inakula windo kubwa zaidi. Mageuko hayo yalitokea katika miongo miwili tu.

5. Je, tungoje?

Mwenzangu darasani aliniambia, "Si watageuka wengine?" Ni kweli, lakini kasi ile ya ajabu ya miaka 15,000 ni sawa na vizazi 600 vya watu. Tena watakaokuja hawatakuwa wale wa nyanya. Aliyekwisha amekwisha.

Usiseme hayo ni mambo ya Kisumu. Mito yetu hapa Spring Valley huelekea Athi hadi Bahari Hindi, nayo pia ina viumbe. Tena yako maficho ya kulindwa: Ziwa Kanyaboli, katika kinamasi cha Yala, lina fulu na ngege wa asili, ambaye si huyu tunayeuziwa sokoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hakuna fundi wa kuujenga.

Maswali

1. Kwa nini maji machafu hupunguza spishi hata pasipo mbuta?
2. Wanyama wanyonyeshao walinufaika vipi dinosaria walipokwisha?
3. Muulize mzee wa kwenu: ni kiumbe gani alichokijua utotoni ambacho wewe hujakiona?