SOMO: KOMPYUTA NYEPESI NA SAA ZA KAZI

Mwaka 1981 kompyuta ya kubebeka iitwayo Osborne 1 ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11, wala haikuwa na betri ndani yake. Umeme ukikatika, kazi ilikoma. Leo zipo za kilo moja na ushei, zinazodumu saa 10 bila kuchajiwa. Karani wa Kacyiru huondoka nayo mkobani, na kazi humfuata nyumbani. Kesho ni zamu ya karani wa mizani shambani na msimamizi wa kiwandani. Betri haimpumzishi mtu tena. Kilichobaki ni sheria. Nchini Rwanda, sheria ya mwaka 2023 iliweka ukomo wa saa 40 za kazi kwa wiki. Sisi tunasema: saa ya kazi nyumbani nayo ihesabiwe. Tuiandike, tuidaie malipo.