Mionzi Ndani ya Makontena: Lango la Bandari na Jicho la Mtabibu

Kontena linaloshushwa katika bandari ya Dar es Salaam halikai pwani. Makontena mengi hubebwa na malori yanayopita Morogoro, yakakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kuelekea Zambia na Kongo. Mengine hupakiwa kwenye treni ya Reli ya Kati na kupita Kilosa. Mizigo itokayo bara, vikiwemo vyuma chakavu, huteremka kwa njia hizo hizo. Kwa hiyo ukaguzi wa mionzi bandarini, ambao kwa mtazamo wa kwanza ni kazi ya maofisa wa forodha, unamhusu pia mtabibu na mgonjwa wa Wilaya ya Kilosa. Makala hii inaeleza jinsi ukaguzi huo unavyofanyika, uwezo wake unapokomea, na wajibu unaobaki mikononi mwa mhudumu wa afya.

Lango linavyofanya kazi

Vyanzo vya mionzi vina matumizi mengi halali. Kobalti-60 hutibu saratani. Iridiamu-192 hukagua viungo vya mabomba. Sesiamu-137 hutumika katika vipimo vya viwandani. Hatari huzuka chanzo kinapopotea, kinapoibwa au kinapotelekezwa, kisha kikachanganyika na vyuma chakavu. Hapa nchini, usimamizi wa vyanzo hivyo uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003.

Katika bandari nyingi duniani, lori hupita polepole kati ya nguzo mbili zenye vitambuzi. Nguzo hizo hazitoi mionzi. Hupokea tu ile itokayo kwenye mzigo. Katika hilo zinatofautiana na skana ya eksirei, ambayo hutoa mionzi ili kupiga picha ya vilivyomo ndani. Kipimo kikizidi kiwango cha kawaida cha mazingira, king'ora hulia, lori hutengwa, na mkaguzi hutumia kifaa cha mkononi kutambua aina ya chanzo.

King'ora na ukimya

Si kila king'ora huashiria hatari. Mbolea ya potasiamu na vigae vya kauri vina mionzi ya asili inayoweza kukiamsha. Mgonjwa aliyepewa iodini-131 kwa ajili ya tezi ya shingo naye anaweza kukiamsha kwa wiki kadhaa baada ya matibabu. Mgonjwa wa namna hiyo, hasa akiwa dereva au mfanyakazi wa bandari, aombe hospitali barua inayotaja dawa, kiasi na tarehe aliyopewa, naye asafiri nayo.

Vilevile, si kila ukimya ni usalama. Chanzo kilichofunikwa kwa madini ya risasi, au kilichozikwa katikati ya shehena ya chuma, kinaweza kupita bila kugunduliwa. Aidha, chuma kinachookotwa na kukatwa kijijini huwa kimeshikwa na watu wengi kabla hakijafika penye kitambuzi chochote.

Mwaka 2010, katika bandari ya Genoa nchini Italia, kontena la shaba chakavu lililotoka Saudi Arabia lilikutwa na kobalti-60. Lilitengwa kwa takribani mwaka mzima kabla ya kufunguliwa kwa usalama. Hapo lango lilitimiza wajibu wake. Huko Goiânia, Brazili, mwaka 1987, hapakuwa na lango. Waokota vyuma walivunja mashine ya tiba iliyotelekezwa, na sesiamu-137 ikasambaa majumbani. Watu 249 walichafuliwa na 4 wakafa. Nao Samut Prakan, Thailand, mwaka 2000, ni madaktari waliofumbua fumbo: walipoona wafanya biashara ya vyuma chakavu wenye vidonda vya mikono, kichefuchefu na upungufu wa chembe nyeupe za damu, walishuku mionzi na kutoa taarifa. Watu 3 walifariki, lakini chanzo kilipatikana.

Yampasayo mtabibu

Kutapika na homa hutufanya tufikirie malaria, homa ya matumbo au sumu ya chakula, na mara nyingi huwa hivyo. Hata hivyo, shuku mionzi unapokuta mambo haya:

1. Jeraha linalofanana na la moto, hasa mikononi au pajani, bila mgonjwa kukumbuka kuungua. Wekundu na malengelenge huweza kuchelewa kwa siku au wiki.
2. Watu wawili au zaidi wa kazi moja au nyumba moja wanaotapika bila sababu iliyo wazi.
3. Nywele kunyonyoka wiki mbili au tatu baada ya kutapika huko.
4. Limfosaiti kushuka upesi ndani ya saa 48. Rudia hesabu kamili ya damu kila baada ya saa chache, ukiandika saa ya kila sampuli na saa mgonjwa alipoanza kutapika.

Kisha uliza swali ambalo husahaulika: "Unafanya kazi gani, na wiki hizi umeshika chuma gani?"

Mgonjwa aliyepigwa na mionzi kutoka nje ya mwili hageuki kuwa chanzo cha mionzi. Hakuna sababu ya kumkimbia. Ikiwa vumbi la chanzo limemwangukia, vaa glavu, barakoa na gauni, mvue nguo na uzifunge katika mfuko. Hatua hiyo pekee huondoa sehemu kubwa ya uchafu. Mwoshe kwa maji na sabuni bila kusugua ngozi. Lakini dharura ya uhai hutangulia: damu inayovuja au pumzi inayokatika haisubiri kuoshwa. Baada ya hapo, mjulishe Mganga Mkuu wa Wilaya, ili Tume ipewe taarifa na mgonjwa apate rufaa.

Kwa wananchi

Ukiona chombo kizito cha chuma chenye alama ya mabawa matatu juu ya rangi ya njano, usikifungue, usikikate, usikipeleke nyumbani wala hospitalini. Rudi nyuma, zuia wengine, toa taarifa polisi au kwa serikali ya kijiji. Umbali ni kinga: ukitoka mita 1 hadi mita 3 kutoka kwenye chanzo kidogo, mionzi inayokufikia hupungua hadi sehemu moja ya tisa. Nawe uliyekwisha kukishika, usifiche kwa kuogopa kushitakiwa. Ukimweleza mtabibu mapema, unaokoa maisha yako na ya watu wa nyumbani mwako.