Jiwe Linang'aa Likilowa, Likikauka Linapauka

ELIMU KWA WAKAAZI: MADINI NA UONGEZAJI THAMANI

Hapa Taita Taveta, jiwe safi likitoka shimoni Kasigau, Mangare au Kamtonga halikai siku nyingi. Mnunuzi hulifuata mwenyewe. Kinachobaki nyumbani kwa mchimbaji ni gunia la kokoto: ganeti zenye ukungu, vipande vya tumalini, kwatzi, rubi zisizopenyeza mwanga. Kokoto hizo huuzwa kwa kilo, kwa bei ya kusikitisha. Ndiyo maana vikundi vya vijana na kina mama vinavutiwa na mashine ndogo za kung'arisha mawe, hasa zile za kutetemesha, ili kokoto ziwe shanga, hereni na zawadi za watalii.

Malalamiko yanayofuata hufanana. Mawe yakiwa bado majini yanang'aa kama kioo. Yakianikwa, yanapauka. Mwenye mashine huamini ameuziwa unga wa bandia, akanunua mwingine, na hali ikawa ile ile. Mara nyingi unga hauna kosa.

Sababu ni hii. Jiwe lenye mikwaruzo midogo hutawanya mwanga kila upande, na jicho huona ukungu. Maji yakiingia kwenye mikwaruzo hiyo, uso wa jiwe unakuwa laini kwa muda na mwanga unarudi sawasawa. Kwa hiyo usihukumu jiwe lililolowa. Toa mawe matatu au manne, yaoshe, yakaushe kabisa, kisha yatazame chini ya taa kwa lupu, ile lenzi ndogo ya wauza vito.

Kabla hatujafika kwenye lupu, neno moja kuhusu mawe yasiyofaa kuingia mashineni hata kidogo. Savoraiti safi, ile ganeti ya kijani iliyoupa Tsavo sifa duniani tangu Campbell Bridges alipoigundua upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, huuzwa kwa karati. Karati 1 ni gramu 0.2, yaani gramu moja ni karati tano. Mashine hula jiwe kutoka kila upande, na kinachooshwa pamoja na tope ni pesa yako. Jiwe linalopitisha mwanga bila nyufa mpelekee mkataji. Kama huna uhakika, liweke kando hadi mtu anayejua alitazame. Mashine ni ya kokoto.

Sasa mashine yenyewe. Chini ya bakuli kuna mota yenye uzito uliowekwa upande mmoja. Ikizunguka, bakuli lote linatikisika juu ya springi zake na mawe yanasuguana yakitembea polepole kwa mduara. Ni tofauti na pipa linalozunguka. Pipa huviringisha mawe na kuyafanya duara, kazi inayochukua wiki moja au zaidi kwa msasa mkubwa wa namba 60 hadi 90. Mashine ya kutetemesha ni ya haraka, siku moja au mbili kwa kila hatua, lakini haibadilishi sana umbo. Ukiingiza jiwe lenye pembe kali na mashimo, litatoka liking'aa na pembe zake na mashimo yake. Wengi huilaumu mashine kwa kazi isiyo yake. Kama unataka mawe ya duara, anzia kwenye pipa, kisha hamia kwenye kutetemesha kwa msasa wa 220, halafu 500, halafu unga wa kung'arishia. Namba ikipanda, chembe zinakuwa ndogo.

Turudi kwenye lupu. Ukiona mikwaruzo michache mirefu inayokatana ovyo juu ya uso uliokwisha kulainika, kuna chembe kubwa imeingia kwenye hatua ya chembe ndogo. Hili ndilo kosa linaloharibu mawe mengi kuliko yote. Chembe chache tu za namba 220 zikibaki chini ya mfuniko zinatosha kuchora bakuli zima la mawe yaliyokuwa yanakaribia kung'aa. Kuosha si kumwaga maji mara moja. Suuza mawe, yarudishe bakulini na maji na sabuni kidogo, washa mashine kwa dakika chache, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe. Mfuniko, ukingo wa bakuli, kichujio, hata kucha zako, vyote visuguliwe. Mawe yenye nyufa na matundu yasuguliwe kwa mswaki, na yale ambayo nyufa zake hazisafishiki yaondolewe kabisa, maana yatakuwa yakitema msasa wa jana ndani ya kazi ya leo. Vikundi vyenye uwezo hununua bakuli la pili la kung'arishia peke yake. Ni gharama, ndiyo, lakini ni rahisi kuliko kurudia magunia.

Ukiona ukungu sawasawa uso mzima, bila mikwaruzo mirefu, hatua iliyotangulia haikukamilika. Unga wa kung'arishia haufuti alama za namba 220. Huzing'arisha tu zikabaki pale pale. Kipimo rahisi: paka unga kidogo uliolowa kwenye kipande cha ngozi au jinzi, sugua jiwe kwa mkono dakika mbili tatu. Sehemu uliyosugua ikiangaza, endelea kung'arisha, muda ulikuwa haujatosha. Isipobadilika, rudi namba 500.

Ukiona vidoti vyeupe kwenye kingo, mawe yanagongana. Bakuli halijajaa vya kutosha, au mawe yote ni makubwa na hakuna vidogo vya kujaza nafasi. Jaza bakuli karibu na ukingo kama maelekezo ya mashine yako yanavyosema, na changanya mawe makubwa na madogo. Kama madogo hayatoshi, tumia vipande vidogo vya kauri. Vya plastiki pia hufaa, ila plastiki hushika msasa mwilini mwake, kwa hiyo vilivyotumika kwa 220 visiguse tena hatua nyingine.

Sasa maji, ambapo mkono wa mpishi una faida kuliko kitabu. Ndani ya bakuli maji na unga vinapaswa kuwa kama uji mwepesi unaopaka kila jiwe utando mwembamba. Maji yakizidi, unga unaoshwa kutoka kwenye mawe na kulala chini. Mawe yanateleza na kugongana bila kulainika. Yakipungua, uji unakuwa ugali, mawe yanaganda mahali pamoja na mduara unasimama. Maji hupungua yenyewe kazi ikiendelea, na vumbi la mawe linaongeza uzito wa uji. Kwa hiyo chungulia kila baada ya saa chache, na ongeza maji kwa chupa ya kunyunyizia, si kwa kikombe. Joto la Voi mchana si sawa na baridi ya Wundanyi. Kipimo cha rafiki yako wa mlimani hakitakufaa tambarare.

Stima ikikatika usiku, usiache mawe yalale ndani ya uji mpaka asubuhi. Ukikauka hushika kama saruji. Mwagia maji, toa mawe, suuza bakuli.

Kosa lingine huonekana kama la unga lakini ni la mchanganyiko. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi iko 7, ganeti na tumalini ziko karibu na hapo, rubi iko 9. Ukiweka rubi na kwatzi bakuli moja, rubi inakuwa msasa na kwatzi inaliwa. Kisha rubi yenyewe haing'ai, kwa sababu unga wa kung'arishia unaouzwa sana ni alumini oksaidi, na rubi nayo ni alumini oksaidi iliyopakwa rangi na kromiamu. Silikoni kabaidi huishinda kidogo tu na kwa muda mrefu. Rubi inahitaji unga wa almasi, na kwa kokoto za bei ya chini hesabu hiyo hailipi. Ziuzeni vile zilivyo, au mtafuteni mkataji.

Mawe yakishang'aa, bado yanaweza kuwa na utando wa unga. Kwangua sabuni ya kipande isiyo na chembechembe, kiasi cha kijiko cha chai, weka na maji safi, washa mashine nusu saa hadi saa moja, suuza. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa mnunuzi akifuta jiwe kwa kidole na kidole kikatoka cheupe.

Kuhusu afya hatutapunguza maneno. Vumbi la kwatzi likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kukata na kusaga mawe kufanyike kwa maji, si makavu. Tope lililomwagika sakafuni lifutwe kwa kitambaa kilicholowa kabla halijakauka, lisifagiliwe. Mashine isiwekwe chumba wanacholala watoto. Na uji uliotumika usimwagwe kwenye sinki wala mfereji, utaziba bomba. Uache utuame kwenye ndoo, maji ya juu yamwagwe, tope lizikwe mbali na kisima na shamba la mboga.

Mwisho, uchimbaji na biashara ya madini huhitaji kibali au leseni chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Vibali hivyo hutolewa na serikali ya kitaifa, si kaunti, kwa hiyo maombi yapelekwe kwa maafisa wa madini. Kikundi kinachonunua kokoto kwa wachimbaji ili kung'arisha na kuuza kiulize mapema ni karatasi gani inayokihusu, kabla ya kulipia mashine.