Rozari, Mapigo ya Moyo na Tanuru la Wafipa

Mwezi wa tano, baridi ya Sumbawanga imeshaanza kung'ata. Jumuiya imekusanyika nyumbani kwa mmoja wao kusali rozari, mashuka mabegani, na anayeongoza ana haraka. Tendo linatajwa, na kabla halijakaa kichwani Baba Yetu imeshaanza. Wanaoitikia hawajamaliza "Maria Mtakatifu", Salamu Maria nyingine imewadandia. Mimi nami nimewahi kuifurahia haraka hiyo, maana ugali ulikuwa unapoa.

Haraka hiyo inakula tafakari, hilo tunalijua. Lakini mwilini inakula nini?

Tuanze na hewa. Mapafu hayana msuli wake wa kuvutia. Kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini yake, hushuka, kifua kikapanuka, kanieneo ya ndani ikawa ndogo kuliko ya nje. Basi hewa inaingia yenyewe. Wahunzi wa Ufipa, nyanda hizi hizi za Sumbawanga, waliitumia kanuni hiyo hiyo katika malungu, yale matanuru marefu ya udongo yaliyompita mtu kimo. Moto hupasha hewa, hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Nyuma yake hewa baridi inajipenyeza kwa matundu ya chini. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Kazi ilikwenda siku kadhaa, na chuma kilipatikana. Mivukuto ilingoja zamu yake kwenye kintengwe, kitanuru kidogo cha kukisafishia chuma hicho.

Sasa weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi taratibu: mapigo yanasogeleana. Itoe taratibu zaidi: yanaachana. Si ugonjwa. Kutoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni inashuka neva iitwayo vagasi, na mojawapo ya kazi zake ni kuwa breki ya moyo. Ukivuta pumzi breki inalegea, ukiitoa inakamata. Hata mtu aliyetua mzigo hushusha pumzi ndefu bila kufundishwa.

Huko kusogeleana na kuachana ni wimbi la kwanza; kuna na la pili. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na juu ya moyo kuna vihisio vinavyopima presha ya damu. Ikipanda, ubongo unaambiwa, moyo unapunguzwa mwendo na mishipa inalegezwa; ikishuka, kinyume chake. Kwa kuwa mishipa huchelewa kuitikia, presha hupanda na kushuka kwa mzunguko wa sekunde 10 hivi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo pumzi na wimbi hilo kila kimoja kina mwendo wake, kama watwangaji wawili wasiosikilizana kwenye kinu kimoja. Pumua mara 6 kwa dakika, pumzi moja kwa sekunde 10, na michi inapishana vizuri.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, vipimo vya watu wazima 23 waliosali Salamu Maria kwa Kilatini, kwa kupokezana. Pumzi zao zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika, na vile vihisio vya presha vikafanya kazi kwa wepesi zaidi. Mantra za yoga zilitoa matokeo kama hayo.

Hapo wengine hurukia kusema rozari ni mazoezi ya kupumua tu. Siafiki. Kipimo cha presha hakijui unamsalia nani. Kinachoonekana ni kwamba sala iliyofika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, ikapanda hadi nyanda hizi, ina nafasi ya pumzi ndani yake: nusu unatamka, nusu unasikiliza. Anayemdandia mwenzake anaiba nusu ya pili.

Jioni ya leo, ukiongoza wewe, ngoja "Amina" iishe kabisa ndipo uanze. Tendo likitajwa, nyamazeni kwa pumzi tatu. Usilazimishe pumzi kuwa kubwa. Huku juu, mita 1,800 hivi, oksijeni ya kila pumzi ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam, na kishawishi cha kuhema kipo. Ukisikia kizunguzungu, ujue umeanza kuvukuta. Acha, upumue kama kawaida.