Usimruke Mwana-Kondoo

Ijumaa: Jifunze Zaidi

Soma Ufunuo 5 yote, kisha Ufunuo 6:7, 8.

Mwaka 1899 mchapishaji Ambroise Vollard wa Paris alitoa picha 12 za msanii Mfaransa Odilon Redon, zilizotokana na kitabu cha Ufunuo. Ni nyeusi na nyeupe tu. Redon alikuwa mmoja wa wasanii waliotumia ishara kueleza mambo yasiyoonekana kwa macho. Picha hizo ni lithografia, yaani chapa ya jiwe: mchoro wa kalamu yenye mafuta huwekwa juu ya jiwe la chokaa, jiwe hulowanishwa maji, na wino hushika penye mafuta peke yake.

Ufundi huo si mgeni katika historia yetu. Mwaka 1842 Charles Fitch na Apollos Hale, waliohubiri pamoja na William Miller, walitayarisha chati ya unabii yenye wanyama wake, na nakala 300 hivi zikachapwa kwa jiwe huko Boston, Marekani. Hatuna sababu ya kuogopa picha. Yohana mwenyewe aliagizwa kuandika aliyoyaona (Ufunuo 1:11).

Hata hivyo, angalia mpangilio wa picha za Redon. Ya pili ni kitabu chenye mihuri saba katika mkono wa kuume wa Yeye aketiye juu ya kiti cha enzi. Ya tatu ni mpanda farasi aitwaye Mauti. Kati ya hizo mbili hakuna Mwana-Kondoo. Msanii halazimiki kuchora kila fungu, wala hatumlaumu. Lakini wengi wetu husoma Ufunuo kwa namna hiyo hiyo: tunatoka kwenye mihuri na kuingia moja kwa moja kwenye maafa.

Yohana hakuruka. Alipoona kwamba hakuna aliyestahili kukifungua kitabu, alilia sana. Mzee mmoja akamwambia asilie, kwa kuwa Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Yohana akatazama, naye akamwona Mwana-Kondoo mwenye alama za kuchinjwa. Mshindi ni Yule aliyejeruhiwa.

Jambo hili hubadilisha jinsi tunavyomtazama yule farasi. Muhuri wa nne haujifungui wenyewe. Ni Mwana-Kondoo anayeufungua. Mauti ana jina na amepewa mamlaka yenye mpaka, lakini funguo hana. Funguo ziko kwa Kristo (Ufunuo 1:18), na mwisho wa Mauti umekwisha kuandikwa (Ufunuo 20:14).

Hapa Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, familia nyingi huzika wapendwa wao kihambani, karibu na migomba. Desemba ndugu wanaporudi kutoka mijini, kaburi ni miongoni mwa mambo ya kwanza wanayoyaona nyumbani. Kwa aliyefiwa, swali la "kwa nini?" ni kitabu chenye mihuri. Tukimwendea mtu huyo na wanyama, tarehe na mapigo tu, tumemwachia farasi wa kijivujivu. Hatujapewa majibu yote, ila tunamjua anayekishika kitabu. Waliolala katika Yeye wanangoja sauti yake (1 Wathesalonike 4:16).

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini Yohana alilia? Ni nini kilichomfuta machozi: maelezo ya mambo yajayo, au kumwona Mwana-Kondoo?

2. Watoto wa darasa lako wakiulizwa leo kitabu cha Ufunuo kinamhusu nani, watajibuje? Wamejifunza jibu hilo kwa nani?

3. Juma hili mtembelee jirani aliyefiwa. Kabla ya kwenda, soma Ufunuo 5 tena. Utamwambia nini, na utanyamazia nini?