Ukitazama Kutoka Juu, Kila Kitu Ni Kidogo



Wiki hii tunajifunza kuhusu macho: tunavyoitazama kazi ya Mungu, na tunavyotazamana sisi kwa sisi. Nitatumia safari ya siku moja niliyoifanya kwa helikopta juu ya Grand Canyon, lile korongo kubwa la jangwani huko Arizona, Marekani. Najua wengi wetu hatujawahi kupanda chopa, na wala si lazima uipande ndiyo uelewe. Chukua Biblia yako, weka alama sehemu tatu: Kutoka 3:1-10, Hekima 13:1-9 na Mathayo 17:1-18.

SAFARI YENYEWE

Aliyenilipia ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Anaishi Phoenix na anafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia. Miaka minane yuko kule, na hakuwahi kwenda mahali popote kwa ajili ya kufurahi tu. Tiketi ni mamia ya dola kwa kila mtu, na yeye alizidunduliza zaidi ya mwaka mzima. Tuliendesha gari mpaka Las Vegas, maana safari nyingi za aina hii huanzia huko.

Kabla ya kupanda, kila abiria anapimwa uzito kama gunia la mahindi. Rubani anataka kujua nani akae wapi, ili helikopta isielemee upande mmoja. Unafunga mkanda, unavaa hedifoni masikioni kwa sababu ya kelele za mapanga, halafu ardhi inaanza kukuacha taratibu.

Kwanza ni jangwa la Mojave, kahawia tupu. Kisha Ziwa Mead, na bwawa la Hoover lenye ukuta wa mita 221, lililojengwa miaka ya 1930 kuuzuia Mto Colorado. Pembeni mwa ziwa kuna mstari mweupe kwenye miamba, kama alama ya maji kwenye beseni. Unaonyesha maji yalipokuwa yakifika zamani na jinsi yalivyoshuka. Mto huu unanywesha miji na kumwagilia mashamba mengi kiasi kwamba miaka mingi haufiki tena baharini. Hilo nalo ni la kuombea, na hayati Papa Fransisko alitukumbusha katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba dunia ni nyumba yetu sote.

Halafu ardhi inapasuka. Sina neno lingine. Ulikuwa unaona tambarare, ghafla chini yako hakuna kitu. Grand Canyon ina urefu wa kilomita 446, karibu sawa na safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Sehemu nyingine upana wake unafika kilomita 29, na kina kinazidi kilomita moja na nusu. Kuta zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka: nyekundu, njano, kijivu, zambarau.

Ndani ya hifadhi ya taifa, sheria ya mwaka 1987 inazuia ndege za watalii kuruka chini ya ukingo wa korongo. Lakini upande wa magharibi ni ardhi ya Wahualapai, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na wao wameruhusu helikopta kutua. Basi tukashuka kati ya kuta mbili za mwamba, tukatua, tukapewa kama nusu saa.

UZURI SI DHAMBI

Kuna vijana wakisikia habari kama hii wanauliza: hela zote hizo za nini, wakati kuna watu hawajala? Swali ni zuri na tusilikimbie.

Soma Hekima 13. Mwandishi anawashangaa watu waliovutiwa na uzuri wa viumbe wakaishia hapohapo, wasimtafute Fundi aliyevifanya. Angalia anachowalaumu. Hawalaumu kwa kutazama, wala kwa kuvutiwa. Anawalaumu kwa kusimama katikati ya njia. Uzuri ni barabara. Kosa ni kujenga nyumba katikati ya barabara.

Mtakatifu Agostino, Mwafrika mwenzetu, katika kitabu cha kumi cha Maungamo anashangaa jinsi watu wanavyosafiri kwenda kustaajabia milima, mawimbi, mito na nyota, huku wakijisahau wao wenyewe. Kwa hiyo ukirudi kutoka mahali pazuri una picha mia tatu na huna hata sala moja, safari yako imeishia njiani.

Wengine wanaogopa umri wa mawe. Wataalamu wanasema miamba ya chini kabisa ya Grand Canyon ina zaidi ya miaka bilioni 1.7, na tabaka la juu lina takribani miaka milioni 270. Je, hii inapingana na imani? Hapana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 283, inaeleza kwamba utafiti wa kisayansi kuhusu umri na ukubwa wa ulimwengu umetuongezea maarifa, na kwamba unatualika kuustaajabia zaidi ukuu wa Muumba. Mimi nikiwa pale chini niligusa ukuta wa jiwe na kuwaza: Mungu hana haraka. Mto ule umelichimba korongo kwa mamilioni ya miaka, kidogo kidogo, na mimi nikikosa jibu la sala kwa wiki mbili naanza kununa.

MAJABALI YALIYOFANANA NA MTU

Sasa tuingie kwenye kiini cha somo.

Mwaka 1540 kundi la Wahispania, likiongozwa na García López de Cárdenas, lilifika ukingoni mwa korongo hili. Walioongoza njia walikuwa Wahopi, wenyeji wa nchi ile. Habari hizi ziliandikwa na Pedro de Castañeda. Wageni walipochungulia chini, waliona mto mwembamba, wakakadiria upana wake kama mita mbili hivi. Wenyeji wakawaambia hapana, ule ni mto mkubwa. Siku tatu wakatafuta mahali pa kushukia. Mwishowe watu watatu wepesi wakajaribu. Walirudi alasiri wakiwa wameshuka theluthi moja tu ya njia.

Waliporudi walikuwa na habari ya kushangaza. Kutoka juu, majabali fulani yalionekana yana kimo cha mtu. Walipoyakaribia, wakakuta ni marefu kuliko mnara mkubwa wa kanisa kuu la Sevilla.

Umeona? Macho yao hayakuwa mabovu. Walikuwa mbali tu. Ukitazama kutoka juu, kila kitu ni kidogo: mto unakuwa uzi, na jabali linakuwa mtu. Nami nimelishuhudia hilo. Kutoka helikoptani niliona Mto Colorado kama utepe uliodondoshwa. Tulipotua, maji yalikuwa mapana, mazito, yanakwenda kasi, nikarudi nyuma hatua mbili bila kuambiwa.

MUNGU ANAYESHUKA

Fungua Kutoka 3. Mungu anamwambia Musa kwamba ameyaona mateso ya watu wake, amekisikia kilio chao, anayajua maumivu yao. Angeweza kuishia hapo. Lakini aya ya 8 inaongeza tendo lingine: ameshuka. Kwa Mungu wetu, kuona na kushuka ni safari moja.

Ndiyo maana shetani anapomjaribu Yesu katika Mathayo 4:8, anampeleka mlima mrefu sana, anamwonyesha milki zote za dunia na fahari yake. Ni mandhari ya kutoka juu kabisa. Kutoka pale unaona fahari, huoni mjane. Unaona miji, huoni mgonjwa. Yesu anakataa.

Katika Mathayo 17 kuna mlima mwingine. Petro anaona utukufu wa Bwana, anasikia raha, anataka kujenga vibanda vitatu wabaki hukohuko. Tunamwelewa! Lakini Yesu anawashusha. Na chini kuna nini? Baba amepiga magoti, mtoto wake anaumwa, na wanafunzi wameshindwa kumsaidia. Mlima haukuwa kosa. Ni Yesu mwenyewe aliyewapandisha. Waliuona utukufu juu, kisha wakapelekwa kwa yule mtoto.

Na Mtakatifu Paulo, katika Wafilipi 2:6-8, anatuonyesha kushuka kote: Mwana wa Mungu akachukua hali ya mtumwa, akashuka mpaka kifo cha msalaba. Alitusogelea mpaka akatuona kwa kimo chetu halisi.

UJUMBE WA MJOMBA

Jioni ile dada aliweka picha moja kwenye grupu la familia: sisi wawili, helikopta, miamba nyuma. Picha nzuri kweli. Baada ya dakika chache mjomba akaandika maneno matatu: "Kumbe hela zipo."

Grupu likanyamaza. Dada aliweka simu mezani kifudifudi. Miaka minane amekuwa akituma ada za wadogo zetu, dawa za bibi, bati za nyumba. Nikamwambia amjibu, nikaanza hata kumtungia jibu kali. Akasema, "Mdogo wangu, tule kwanza. Nitampigia."

Akampigia usiku, kule nyumbani ikiwa asubuhi. "Shikamoo, mjomba." Waliongea karibu saa nzima. Alimweleza kazi yake ilivyo: kugeuza wazee kitandani usiku kucha, wiki nyingine zamu mbili mfululizo, kodi ya nyumba inayomeza nusu ya mshahara, na jinsi hela ya safari ile ilivyokaa kwenye kopo mwaka mzima. Hakuyasema kwa hasira. Mjomba alikuwa hajui. Tangu dada aondoke alikuwa akiona picha tu.

Kisha mjomba naye akasema yake. Mvua ilikatika kabla mahindi hayajabeba. Mbegu na mbolea alichukua kwa mkopo, na mwenye deni alikuwa anakuja nyumbani kila Jumamosi. Aliona aibu kutuambia. Na sisi tulikuwa hatujui. Kwetu mjomba alikuwa yule mtu wa kwenye grupu anayelalamika.

Nilikaa pembeni ya kitanda nikisikiliza, na nikawakumbuka wale watu watatu wa 1540. Picha ya kwenye simu ni helikopta. Inakuonyesha mtu mzima kwa sekunde moja, tena kutoka mbali. Mjomba alimwona dada mdogo, na sisi tulimwona mjomba mdogo. Wote wawili walikuwa wamebeba majabali marefu kuliko mnara. Deni halikuisha usiku ule, na mpaka leo linalipwa kidogo kidogo. Lakini wawili hawa sasa wanapigiana kila Jumapili baada ya Misa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, furahia kazi ya Mungu bila woga. Yohane 12 inatukumbusha kwamba Yesu alipokea marhamu ya Maria wa Bethania yenye thamani ya dinari mia tatu, huku Yuda akiwatumia maskini kama kisingizio. Ila jipime: Je, nimeacha deni la mtu? Nakopa ili nionekane? Naenda kufurahi au kuonyesha?

Pili, ukifika mahali pazuri, iwe korongo, ziwa au kilima cha nyuma ya parokia yenu, mpe Mungu dakika tano kabla ya kutoa simu. Tazama, nyamaza, shukuru. Picha zitangoja.

Tatu, kabla ya kumhukumu mtu kwa picha yake, shuka. Mpigie, mtembelee, keti naye. Na wewe unayeonekana umefanikiwa, usiwaonyeshe watu wa nyumbani utukufu tu. Waeleze na mzigo, ili wakujue.

Nne, ukiombwa msaada na huwezi kutoa hela, bado unaweza kutoa saa moja ya kusikiliza.

MASWALI YA TAFAKARI

1. Ni nani katika familia yangu au jumuiya yangu ndogo ndogo ninayemtazama kutoka juu? Mara ya mwisho kumsikiliza ilikuwa lini?
2. Kuna "mlima" gani ambao sitaki kushuka, kwa sababu huko juu naonekana vizuri?
3. Wiki hii nitamshukia nani, siku gani, na kwa njia gani?

TUSALI

Ee Mungu Baba, umepasua miamba kwa maji na kuipamba kwa rangi, na hakuna aliyekuwepo kukupigia makofi. Tunakushukuru kwa macho ya kuona. Utuondolee kiburi cha kutazama wenzetu kutoka mbali. Ulimtuma Mwanao ashuke mpaka kwetu. Ututume nasi tushuke mpaka kwa ndugu zetu, tuwaone kwa kimo chao halisi, na tubebe nao walichobeba. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.

Nakutakia wiki njema. Na kama kuna mtu jina lake limekujia ulipokuwa unasoma, mpigie leo.